Ndagala tunayokula ilitoka kwenye mwanga

Jamani, kila siku tunanunua ndagala kavu hapa Muyinga, na wenzetu wa Gitega hivyo hivyo. Lakini sisi tuliokulia kambini, huku milimani, hatujui wanavuliwaje. Na wazazi wetu wengi walitoka Uvira na Baraka, Ziwa Tanganyika ndilo lilikuwa shamba lao!

Zamani mvuvi alitumia lusenga, wavu wa mfuko wenye mdomo mpana na mpini mrefu. Usiku aliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi, ndagala wakafuata mwanga, akawachota. Miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungushia samaki. Wavuvi wadogo nao wakaanza kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti, wavu unashushwa chini yake, kisha unavutwa juu. Karabai ikachukua mahali pa kuni, na sasa kuna taa za betri. Ila mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, juu taa haivuti samaki vizuri.

Mukeke anavuliwa pia kwa kamba yenye ndoana kadhaa, unaichezesha juu, chini. Wenzetu waliohamia Canada wakiona watu wametoboa barafu ya ziwa na kuchezesha kamba vile vile, wataielewa kazi hiyo haraka.

Kambini hatuna ziwa, ila wanaolijua tunaishi nao. Tuwaulize wangali hai: wavu ulifungwaje, kila kamba iliitwaje? Halafu tuandike. Wasipoulizwa, wataondoka nayo.