Mlinzi wa duka anaruhusiwa kukufanya nini?

Leo naandika jambo nililolibeba moyoni tangu siku moja ya mnada hapa kwetu Misungwi. Nitaanza na kisa, halafu niweke maelezo ya sheria kwa lugha ya kawaida ili kila mtu ajue mipaka yake: mteja, mlinzi na mwenye duka.

Kijana wa miaka kama 16 aliingia kwenye duka moja la bidhaa mchanganyiko hapa mjini, akiwa na mfuko wake wa kitambaa. Mtakumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Siku hizi kila mtu anazunguka na mfuko wake kutoka duka hadi duka, na aliyesimama mlangoni hawezi kujua kilichomo kimetoka wapi. Kijana akauliza bei za vitu viwili vitatu, hakununua, akatoka. Mlinzi akamdaka mlangoni, akafungua mfuko, akakuta miche miwili ya sabuni ya aina ileile inayouzwa mle ndani. Risiti iko wapi? Hana. Rungu la kwanza lilitua begani. La pili lilitua kwenye mkono aliouinua kujikinga, na mkono ukavunjika. Tulisikia.

Watu wakajaa. Wengine wakasema mtieni adabu, wamezidi hawa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale, nimeshika kilo yangu ya sukari. Sikusema kitu. Kama dakika kumi baadaye akatokea mama mmoja muuza duka dogo la mtaa wa pili, anahema. Alikuwa anamtafuta yule kijana ampe chenji yake. Sabuni ilinunuliwa kwake.

Hebu fikiria, wadau. Chenji ndiyo iliyomwokoa. Bila ile chenji, mpaka leo tungekuwa tunasema kibaka alipata alichostahili.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma sheria na kuuliza wanaojua. Haya ndiyo niliyoyapata.

MLINZI NI RAIA KAMA WEWE

Sare, buti na rungu vinatudanganya. Mlinzi wa duka si polisi. Kampuni za ulinzi hufanya kazi kwa kibali cha Jeshi la Polisi, lakini kibali hicho hakimpi mlinzi mamlaka ya kipolisi. Hata bunduki akiwa nayo, inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haimfanyi kuwa askari. Na yule mzee anayelala nje ya duka na blanketi lake, aliyeajiriwa kwa maneno tu bila kampuni, yuko katika fungu hilo hilo. Mbele ya sheria wote ni raia.

Wenzetu Kenya walitunga sheria maalumu ya sekta hii mwaka 2016, wakaunda na mamlaka ya kuisimamia, ili walinzi wasajiliwe na kupewa mafunzo.

ANAWEZA KUKUKAMATA LINI?

Anaweza, tusidanganyane. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu bila hati kwa makosa fulani, kwa sharti kwamba kosa limetendeka mbele yake. Mwenye mali na wafanyakazi wake nao wanaweza kumkamata wanayemkuta akiharibu mali hiyo.

Shikeni neno hilo: MBELE YAKE. Kusikia kwa mteja mwingine kwamba yule kaficha kitu hakutoshi. Kumwona mtu amevaa ovyo hakutoshi. Kukuta kwenye mfuko wake kitu kinachofanana na cha dukani kwako hakutoshi kumfanya mwizi, kwa sababu sabuni za kiwanda kimoja zote zinafanana.

Hili liliwahi kutikisa hata Marekani. Tarehe 16 Machi 1991, mjini Los Angeles, binti wa miaka 15 aitwaye Latasha Harlins aliingia dukani, akaweka juisi ya dola 1.79 kwenye begi lake la mgongoni, akaenda kaunta na pesa mkononi. Mwenye duka akadhani ni mwizi. Wakavutana, binti akaachia juisi, akageuka kuondoka, akapigwa risasi ya kichwa kwa nyuma. Muuaji alitiwa hatiani lakini hakufungwa jela, na hasira ya hukumu ile ilikuwa moja ya kuni za ghasia za Los Angeles mwaka 1992. Juisi ndani ya begi, sabuni ndani ya mfuko: kosa la mwenye duka na la mlinzi wetu lilianza mahali pamoja.

NGUVU KIASI GANI?

Sheria hiyo hiyo inasema anayekamata asitumie nguvu wala udhalilishaji unaozidi kile kinachohitajika kumkamata mtu au kumzuia asitoroke. Mtu akikubali kusimama, nguvu inayohitajika ni sifuri. Akikimbia, unaweza kumshika. Akikurushia ngumi, unaweza kujikinga. Lakini akishashikwa na kutulia, kila rungu linalofuata si ukamataji tena, ni shambulio.

Baada ya hapo kazi ya mlinzi imebaki moja tu: kumkabidhi polisi, au kama hakuna askari karibu, kumpeleka kituo cha karibu bila kuchelewa.

ASIVYORUHUSIWA

1. Kupiga ili mtu akiri. Ukiri wa kulazimishwa unaharibu hata kesi yenyewe, kwa kuwa mahakama inataka maelezo yaliyotolewa kwa hiari.

2. Kumfungia mtu stoo "mpaka bosi aje". Kumzuia mtu isivyo halali ni kosa la jinai.

3. Kutoza "faini". Faini inatozwa na mahakama. Kumwambia mtu atoe elfu hamsini au aache simu yake ndipo aondoke kunaweza kumgeuza mlinzi kuwa mshitakiwa.

4. Kumpekua mtu mwilini kwa nguvu. Anaweza kukuomba uonyeshe mfuko, na ukiwa huna neno onyesha yaishe. Ukikataa, upekuzi ni kazi ya polisi. Na mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha.

5. Kumvua nguo, kumvalisha bango, kumpiga picha na kuirusha kwenye magrupu. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa na kupewa adhabu za kumdhalilisha, na inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

LAKINI KAMA KWELI KAIBA?

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunasema sawa, yule wa sabuni alionewa, lakini je, aliyeiba kweli? Jibu ni lile lile. Sheria haisemi usimpige asiye na hatia, inasema usimpige. Wizi una adhabu yake ndani ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mwenye kuitoa ni hakimu.

Kipigo nacho kina adhabu yake ndani ya kitabu hicho hicho. Shambulio la kudhuru mwili ni kifungo hadi miaka 5. Kumdhuru mtu vibaya, mfano kumpa kilema, ni hadi miaka 7. Kuua bila kukusudia ni hadi kifungo cha maisha. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Na umati ukishiriki, kila aliyerusha jiwe ana jina lake, hakuna mshitakiwa anayeitwa "wananchi wenye hasira kali". Sasa pima: miche miwili ya sabuni upande mmoja, miaka 7 upande mwingine.

Sisi wa Usukumani tuna historia yetu katika hili. Mwano ukipigwa, kila mwanaume anatoka. Sungusungu walizaliwa huku, maeneo ya Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipotuchosha, na mwaka 1989 wakatambuliwa kisheria kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Walisaidia, hilo hakuna anayebisha. Lakini hata wao walitambuliwa ili wakamate na kukabidhi. Tatizo letu ni kwamba tumerithi yowe, hiyo nusu ya pili tumeisahau.

MWENYE DUKA, USIJIFICHE NYUMA YA MLINZI

"Sikumtuma apige." Utetezi huu hausaidii sana. Kwenye kesi ya madai, mwajiri hubebeshwa makosa ambayo mfanyakazi wake ameyafanya akiwa kazini. Aliyevunjwa mkono anaweza kumdai mlinzi, kampuni yake na hata mwenye duka, kutegemea nani alikuwa anamsimamia. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3 tangu tukio.

Tarehe 19 Novemba 2020, kule Porto Alegre nchini Brazil, João Alberto Silveira Freitas alipigwa mpaka akafa na walinzi wawili wa supamaketi ya Carrefour, baada ya kutokuelewana na mfanyakazi wa dukani. Walinzi wale walikuwa wa kampuni ya nje iliyokodiwa. Hilo halikuiokoa Carrefour: mwaka 2021 ilikubali kutoa reali milioni 115 katika makubaliano na mamlaka za nchi ile.

Na mfano wa heshima tunao nyumbani kwetu. Mwaka 1976, katika msako wa watuhumiwa wa mauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watuhumiwa walikufa mikononi mwa maofisa wa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu, hakuwepo hata kwenye chumba kile, lakini mwaka 1977 alijiuzulu kwa sababu waliofanya walikuwa chini yake. Miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi. Kama waziri alikubali kubeba, mwenye duka la Misungwi anashindwaje?

UKIKAMATWA, FANYA HIVI

- Usikimbie, usipigane. Simama, mikono ionekane, sema kwa sauti watu wasikie: "Twendeni polisi."

- Taja ulikonunulia. Na jamani, tudai risiti, hata ya bidhaa ya mia tano. Pasipo na mashine, mwambie muuzaji akuandikie kwenye karatasi.

- Ukiumizwa, pitia polisi uchukue PF3 ndipo uende hospitali. Hiyo fomu ndiyo ushahidi wako. Kama hali ni mbaya sana kimbilia matibabu kwanza, fomu ifuate.

- Andika majina ya walioshuhudia siku hiyo hiyo. Kesho hawatakumbuka, au watakuwa na shughuli.

- Ukiwa wewe ndiye mtuhumiwa kituoni, dhamana ya polisi haina malipo, na kwa makosa ya kawaida unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au upewe dhamana.

- Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi aitwe, na uliza kama kituo kina Dawati la Jinsia na Watoto.

- Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Ulizia ofisi za ustawi wa jamii.

NA WEWE ULIYESIMAMA HATUA TANO

Siku kadhaa baadaye nilirudi pale dukani. Yule mlinzi alikuwepo, mtu mzima, umri wa baba yangu. Nikamwamkia, nikakaa naye. Nikamwuliza, mzee, kwa nini ulimpiga na alikuwa amesimama tu? Alikaa kimya kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, kikipotea kitu hapa kinakatwa kwenye mshahara wangu. Mwezi juzi nimekatwa sukari na mafuta ambayo sijui hata nani kachukua."

Sikumsamehe kwa niaba ya kijana, si kazi yangu. Lakini nilielewa rungu lile lilikuwa na nguvu ya watu wawili. Mlinzi asiye na mafunzo, anayelipwa kidogo na kukatwa kila kinachopotea, anageuzwa kuwa mdai mlangoni, na kila mteja anakuwa mdaiwa wake. Wenye maduka, mkitaka kipigo kiishe anzieni hapo. Acheni kumkata mlinzi vitu ambavyo hakuiba. Wekeni sehemu mlangoni mteja aache mfuko wake na apewe namba. Bandikeni ukutani namba ya simu ya kituo cha polisi. Mwambieni mlinzi siku ya kwanza kazini: ukimshika mtu, mikono yako inaishia hapo.

Na sisi tunaosimama. Sheria hainitaki nipigane na mlinzi. Siku ile ilitosha niseme sentensi moja, "Mzee, kashasimama huyo, tumpeleke kituoni." Pengine angenisikia, pengine asingenisikia, lakini ingekuwa sauti moja tofauti katikati ya zile zote. Yule mama wa chenji hakujua kifungu chochote cha sheria, na alifanya zaidi yangu.

Mkono wa kijana ulifungwa muhogo. Nasikia unapona, ila vidole viwili havikunji vizuri, na kwao wanategemea jembe.

Wanasheria mnaopita hapa, nilipokosea sahihisheni. Na mwenye duka au mlinzi mwenye la kusema, karibu, tunahitaji kukusikia pia.