Raia au Mwananchi? Somo la Uraia kwa Watoto wa Eldoret

Jumatatu asubuhi ukipita Kapsoya utasikia wimbo wa taifa ukitoka nyuma ya ua wa shule. Watoto wa miaka sita wamekakamaa kwenye paredi, mikono ubavuni, macho yakiifuata bendera. Mtaa wenyewe una jina la Kikalenjin. Jirani yake ni Munyaka, neno la Kikuyu lenye maana ya bahati. Kwenye paredi hiyo amesimama mtoto wa Mnandi na wa Mkikuyu, wa Mluhya na wa Mkisii. Tangu uhuru tumejaribu njia nyingi za kuwafunza kwamba nchi hii ni yao wote, na si zote zilizowafaa.

Neno uraia lina historia. Raia lilitujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kundi linalochungwa, watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mwana wa nchi, naye yuko kwao. Naona somo la uraia nchini Kenya limekuwa likivutwa huku na huku kati ya maneno hayo mawili.

Serikali ya kikoloni haikuhitaji wananchi. Eldoret ilianza kama shamba nambari 64, ndiyo maana wengine wangali wanaiita Sisibo, kutokana na Kiingereza sixty-four. Walowezi walikuwa na shule za watoto wao, kama Hill School. Wahindi walikuwa na zao, na Waafrika zao. Mtoto aliijua nafasi yake nchini kwa kuona lango asiloruhusiwa kulipita. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu iwaunganishe watu hao kuwa taifa moja.

Kisha yakaja maziwa. Mwaka 1979 Rais Moi, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu, alianzisha maziwa ya bure katika shule za msingi. Waliosoma enzi hizo hawajasahau pakiti zile za pembetatu, kona ikitobolewa kwa meno. Siyadharau maziwa hayo hata kidogo. Kuna matumbo yaliyoyapokea yakiwa matupu. Lakini mtoto aliambiwa ni maziwa ya Nyayo, yaani ya Rais, na kwenye paredi alikula kiapo cha uaminifu kwa Rais na taifa, Rais akitangulia. Nani alimweleza kwamba pakiti ile ililipiwa kwa kodi, ikiwemo ya baba yake aliyelima mahindi hapa Uasin Gishu? Alifunzwa kushukuru, hakufunzwa kuuliza.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, uraia uliwekwa pamoja na jiografia na historia katika somo la GHC. Watoto walikariri mihimili mitatu ya serikali na majina ya mikoa minane, maana mtihani ungeyauliza.

Somo lililo hai zaidi lilikuja mjini Eldoret mwaka 2004, na halikuwa kitabuni. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure mwaka uliotangulia. Mzee Kimani Maruge, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau mwenye umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, asitegemee kusomewa. Serikali ilikuwa imesema elimu ni ya wote, naye akaenda kuidai. Watoto wa miaka sita walishiriki darasa na mtu aliyeipigania nchi, wakitaabika pamoja na herufi zilezile. Mwaka 2005 akawa kiranja mkuu.

Halafu uchaguzi wa Desemba 2007 ukaugawa mji. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wakiwemo akina mama na watoto. Maelfu walipiga kambi kwenye uwanja wa maonyesho. Maruge naye aliibiwa mali yake akaishia kambini, kilomita nne hivi kutoka shuleni, na bado aliendelea kwenda darasani. Juni mwaka huo alilazimika kuhamia Nairobi, akaendelea na masomo huko, na Agosti 2009 akafariki.

Mwaka huo wa 2008 Wizara ya Elimu ilileta mpango wa elimu ya amani shuleni. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, ukaufanya uraia kuwa mojawapo ya umilisi saba ambao mtoto anapaswa kuujenga katika masomo yote, na ukawataka wazazi washiriki.

Wazazi hao ni akina nani? Watoto walioanza darasa la kwanza pamoja na Mzee Maruge sasa wanakaribia miaka thelathini. Wengi wa rika lao wana watoto wa chekechea na gredi ya kwanza. Jioni mtoto anarudi na kazi ya nyumbani: muulize mzazi wako jirani zetu ni akina nani.