Kidole cha Pete: Mkono wa Baba Yangu na Historia ya Kuluva

Desemba 2022 ujumbe wa ukoo wetu ulitoka Koboko kwenda kuzungumza mahari ya kaka yangu, na baba hakuwemo. Alisema ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na kidole cha pete cha mkono wa kulia kilichoanza kukunjika kuelekea kiganjani, na kwetu mtu hawezi kufika ugenini kwa jambo zito kama hilo asitoe mkono. Mjomba ndiye aliyezungumza badala yake. Wenyeji walipokea salamu zote, kisha mzee mmoja akauliza kwa upole kama ni kweli lile linalosemwa, kwamba katika nyumba ya bwana harusi kuna ukoma.

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Nasoma historia, si udaktari, na mambo ya mwili nitakayoyaeleza ni yale niliyoelezwa hospitalini na kuyasoma baadaye maktabani. Lakini lile neno la yule mzee lilikuwa na historia ndani yake, na nilitaka kujua limetoka wapi.

Mkono wa baba ulianza na kinundu kimoja kigumu chini ya ngozi ya kiganja, karibu na shina la kidole cha pete. Alikidhania sugu ya jembe. Alilima tumbaku kwa miaka mingi, na viganja vya wakulima wa tumbaku wa West Nile ni vigumu kama ngozi ya ngoma, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kisha ngozi pembeni ya kinundu ikaingia ndani kama kishimo, na kamba ngumu ikaonekana ikipanda kuelekea kidoleni. Mwaka uliofuata kinundu kingine kilitokea katika uvungu wa unyayo wa kushoto. Mtu mmoja wa duka la dawa aliutazama mkono, akautazama mguu, akatamka lile neno. Hakupima kitu. Kufikia jioni ile lilikuwa limefika sokoni, na soko la Koboko lina watu wa Kongo na wa Sudan Kusini pia, hivyo habari husafiri kwa lugha tano.

Nilipopendekeza twende Kuluva, mama alikataa. "Ukimpeleka Kuluva, ndiyo umewathibitishia," akasema. Sikumwelewa. Kuluva ni hospitali ya Kanisa la Uganda iliyo kilomita chache kutoka Arua, kwenye barabara ya Nebbi. Watu huenda kujifungua huko, kutibiwa malaria, kupasuliwa ngiri. Kwa nini kwenda hospitali kuwe kukiri kosa?

Jibu liko katika miaka ya 1940 na 1950. Daktari Ted Williams, Mwingereza wa misheni ya Africa Inland Mission, na mkewe Muriel walifika West Nile wakati wa vita kuu ya pili, na Kuluva ikakua mikononi mwao na mwa Peter Williams, nduguye Ted, naye daktari. Pamoja na wodi za kawaida palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wakati huo hilo lilikuwa jambo la kawaida Uganda nzima. Kule Kigezi, Daktari Leonard Sharp alifungua makazi ya wakoma mwaka 1931 katika kisiwa cha Bwama, ziwani Bunyonyi; Buluba na Nyenga upande wa Busoga na Buganda zilikuwa za masista Wakatoliki; Kumi ilikuwa ya watu wa Teso. Mgonjwa alihama kwao akaenda kuishi na wenzake, akapewa shamba, mara nyingine akaoa huko huko. Kwa wale waliobaki nyumbani, jina la mahali na jina la ugonjwa yaligeuka kitu kimoja. Mama alizaliwa wakati mambo hayo yalikuwa yanaelekea mwisho, lakini nyanya aliyemlea alikuwa akisema "amepelekwa Kuluva" kwa sauti ileile ambayo watu husema "amezikwa".

Dawa zilibadilisha mambo haraka kuliko lugha. Dapsoni ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1950, ikawezekana mtu kumeza vidonge akiwa kwao. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeanza kuizoea dapsoni, na tangu hapo ukoma umekuwa ugonjwa unaopona; siku hizi matibabu huchukua miezi sita au mwaka mmoja, kutegemea aina yake. West Nile ilichelewa kuyaona hayo kwa amani: baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wetu wengi walikimbilia Zaire na Sudan, na matibabu ya muda mrefu ni vigumu kuyafuata ukiwa mkimbizi. Waliporudi walirudi na maneno yaleyale ya zamani.

Hatimaye tulikwenda, mimi na baba, bila kumwambia mtu. Tulipanda teksi ya alfajiri hadi Arua, kisha nyingine. Njiani baba alikaa dirishani, mkono mfukoni.

Nitaeleza kilichofanyika kwa undani, kwa sababu hapo ndipo nilipoona jinsi uvumi unavyoweza kufanana na ukweli. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu. Mmojawapo hupita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga unasikia shoti, na ukiharibika vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, hukunjika kama makucha. Vidole hivyohivyo! Mtu wa duka la dawa hakuwa mjinga kabisa. Aliona kitu cha kweli akakipa jina lisilo lake. Daktari alianza kiwikoni, akiutafuta mshipa kwa vidole aone kama umevimba. Haukuwa umevimba. Akamwambia baba, "Mzee, funga macho," akamgusa kwa uzi wa pamba kwenye kiganja, kwenye ncha za vidole, kwenye unyayo. Kila mara baba alisema "hapo". Akatafuta mabaka yaliyofifia rangi mgongoni na mikononi, hakuona. Mwisho akajaribu kukinyoosha kile kidole kwa mkono wake mwenyewe. Kidole cha ukoma, hasa mwanzoni, hunyooka ukikisaidia, kwa kuwa tatizo ni misuli iliyolegea. Cha baba kiligoma. Kilikuwa kimevutwa na kamba.

"Huu si ukoma," akasema. "Hakuna ganzi. Ni utando wa chini ya ngozi unaojikaza."

Baba hakujibu kitu. Aliutazama mkono wake muda mrefu, kisha akamshukuru daktari kwa kumpa mkono uleule wa kulia. Nilikuwa sijamwona akifanya hivyo kwa karibu miaka miwili.

Ugonjwa huo una jina la Guillaume Dupuytren, mpasuaji wa hospitali ya Hôtel-Dieu ya Paris, aliyempasua mfanyabiashara wa mvinyo mwaka 1831 na kuonyesha kwamba kinachovuta kidole ni utando wa kiganja, wala si kano zenyewe. Kwa haki ya historia, Mwingereza Henry Cline alikuwa ameliona hilo katika maiti mwaka 1777, lakini jina lilikwenda kwa yule wa Paris, kama majina yanavyokwenda kwa wenye mimbari kubwa. Wa unyayoni unaitwa kwa jina la Georg Ledderhose, Mjerumani aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19. Ni ndugu wawili: utando uleule, mmoja mkononi na mwingine mguuni, ila wa mguuni kwa kawaida haukunji vidole; unaacha vinundu vinavyouma ukisimama muda mrefu.

Dupuytren aliamini kwamba kazi ngumu ya mikono ndiyo chanzo. Madaktari wa leo wanatilia mkazo zaidi urithi, pamoja na umri, kisukari, pombe na sigara, ingawa kazi za mitetemo mikali hutajwa pia. Vitabu vingi huuita ugonjwa wa watu wa Ulaya ya Kaskazini. Mwaka 2023 Hugo Zeberg na wenzake walichapisha utafiti uliotumia taarifa za wagonjwa zaidi ya 7,000, wakaona kwamba baadhi ya vinasaba vinavyouongezea mtu hatari vilitoka kwa Waneandertali, binadamu wa kale waliochanganyika na mababu wa Wazungu na Waasia. Waafrika tuna urithi mdogo sana wa Waneandertali. Basi baba yangu, Mkakwa wa Koboko, kaupata wapi? Utafiti huohuo unajibu kwa sehemu: vinasaba vinavyohusika ni vingi, na vilivyotoka kwa Waneandertali ni vichache tu kati yake. Ugonjwa ni nadra kwetu, na nadra si sawa na haupo.

Hapa nina shaka yangu ya mwanafunzi wa historia. Takwimu hutoka kwa watu waliokwenda kupimwa. Mkulima mwenye kiganja kigumu hana sababu ya kuonyesha kinundu, na mwenye kidole kilichokunjika ana sababu nzuri ya kukificha, kama baba. Ni wangapi katika vijiji vyetu waliitwa wakoma kwa kidole hiki tu? Sitaweza kuwahesabu.

Jambo hili linanirudisha kwa Ted Williams, na hapa nitatoka kidogo nje ya mkono. Oktoba 1961 aliondoka Kampala na Denis Burkitt na Cliff Nelson katika gari kuukuu la Ford, wakasafiri wiki kumi na karibu kilomita 16,000, wakitembelea hospitali 57 hadi Afrika Kusini kuuliza swali moja: je, mmewaona watoto wenye uvimbe huu wa taya? Huo ndio uvimbe unaoitwa leo kwa jina la Burkitt. Williams alikuwa fundi wa gari pia, jambo lililowafaa zaidi ya mara moja. Lakini mchango wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa daftari. Kule Kuluva aliandika kila mtoto mwenye uvimbe huo ametoka kijiji gani na aliugua lini, na mwaka 1967 yeye na wenzake wakachapisha kwamba wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965 walikuwa wakijikusanya mahali pamoja na wakati mmoja, kana kwamba kuna kitu kinachopita. Katika miaka ya 1970 wilaya yetu ikawa mahali pa uchunguzi uliochukua damu za watoto wapatao 42,000 kutafuta uhusiano wa uvimbe huo na virusi. Wataalamu wa dunia walikuja West Nile kwa sababu mtu aliuliza mahali na tarehe, akaandika. Sisi tulimjua Kuluva kwa ukoma tu.

Sasa niseme tunavyoishi nao. Hakuna dawa ya kumeza inayouondoa. Tuliambiwa tusubiri na kutazama: kidole kikishindwa kunyooka kwa nyuzi kama 30 hivi, upasuaji unaweza kuzungumzwa, ila kamba inaweza kurudi hata baada ya kukatwa, na ya mguuni hurudi zaidi. Baba amefunga mpini wa jembe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili usimbane kiganja. Viatu vyake ni lugabire, ndara za tairi, na fundi mmoja wa Koboko amechonga kishimo katika soli pale kinundu kinapokaa, akaweka mpira laini juu. Baadaye nilisoma jinsi Paul Brand, mpasuaji aliyewatibu wakoma kule Vellore, India, alivyowahimiza wavae viatu vya mpira laini ili nyayo zisizo na hisia zisipate vidonda. Fundi wetu hajawahi kusikia jina hilo. Kabla ya kazi hiyo aliuliza swali moja tu, akionyesha unyayo: "Mzee, inauma wapi hasa?"

Mazungumzo ya mahari yaliendelea Aprili 2023. Safari hii baba alikwenda. Kabla ya kukaa aliomba ruhusa, akaukunjua mkono mbele ya wazee kadiri unavyokunjuka, akawaambia wamchome kwa mwiba wa mchungwa wakitaka kujua kama anasikia. Walicheka. Yule mzee aliyeuliza mara ya kwanza aliushika mkono, akabonyeza kinundu kwa kidole gumba, akasema baba yake alikuwa nacho kama hicho, hapo hapo, na alikufa akiwa ameketi peke yake nyuma ya nyumba. Hakuna aliyecheka tena kwa muda. Kaka ameoa.

Mimi nina miaka 22. Likizo iliyopita, nikiosha miguu, niligusa kitu kama punje ya mahindi katika uvungu wa mguu wa kulia. Kwa umri wangu inaweza kuwa jambo jingine, na nitaangaliwa. Sikumwambia mama kwa siku tatu, nikajikuta navaa soksi ndani ya nyumba katika joto la Februari, kisha nikaona aibu, maana nilikuwa nimeshaandika nusu ya insha hii.

Nimeanzisha daftari. Mwanzo wa kila mwezi baba anaweka kiganja juu ya meza, nami nasukuma penseli chini yake kuona kama inapita, au ananifanyia dada yangu nikiwa chuoni na kunipigia simu. Ukurasa wa kulia ni wa baba, wa kushoto ni wangu. Mwezi huu: mkono wa kulia, kidole cha pete, penseli inapita, kidole kidogo, bado haipiti. Mguu wangu, punje moja, haijakua.