Mto Mmoja, Majina Mengi: Thagana, Tana na Ozi

Watahiniwa wengi wakiulizwa asili ya jina "Tana" hujibu kwa haraka kwamba limetokana na kitenzi "kutana," kwa kuwa vijito vingi hukutana humo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo halina mashiko, na kwamba historia ya majina ya mto huu ina manufaa kwa mwalimu wa fasihi.

Tana ndio mto mrefu zaidi nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Chemchemi zake ziko katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Huko juu Wakikuyu huuita Thagana. Kwenye ramani sehemu hiyo imeandikwa Sagana, na mji ulio kando yake una jina hilohilo. Mto huteremka hadi kwenye mabwawa ya kuzalisha umeme, kuanzia Masinga (1981) hadi Kiambere (1988), kisha hupitia nyanda kavu za Garissa, Hola na Garsen. Wapokomo, wanaolima kingoni mwake, huuita Tsana. Mmishonari Krapf alipoufikia mwaka 1851 kutoka Ukambani, katika safari ambayo mwenyeji wake Kivoi aliuawa, aliandika "Dana."

Thagana, Tsana, Dana, Tana: ni dhahiri kwamba majina haya yanafanana kisauti kutoka mlimani hadi pwani. Je, yawezekana watu wa mlimani walisubiri kitenzi cha Kiswahili ndipo waupe mto wao jina? Isitoshe, sarufi yenyewe inakanusha. Mzizi wa kitenzi hiki ni -kut-, nacho huongezwa kiambishi cha kutendana -an-. "Ku" hiyo ni sehemu ya mzizi wala si kiambishi cha kitenzi-jina. Ndiyo maana tunasema "walikutana" wala si "walitana." Ukiiondoa, umeukata mzizi.

Mlangoni mwa bahari, karibu na Kipini, tunakumbana na jina jingine: Ozi. Hapa ndipo msomaji wa fasihi anapaswa kuwa makini. Mapokeo yanamhusisha shujaa Fumo Liyongo na Ozi, Shaka na Kipini. Mwanafunzi anayetazama ramani ya leo hudhani Ozi ni mdomo wa Tana tangu jadi. La hasha! Ozi ulikuwa mto mwingine. Ni katika karne ya 19 ambapo mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha mito hiyo miwili, na hatimaye maji ya Tana yakafuata njia hiyo. Kwa hivyo, anayedai kwamba maji ya Mlima Kenya yalipita Kipini enzi za Liyongo anaipachika ramani ya leo juu ya mandhari ya kale.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa ni moja. Mandhari katika kazi ya fasihi yana historia yake, na jina la mahali ni ushahidi unaohitaji kupimwa kabla ya kutumiwa. Kabla ya kuandika kwamba jina fulani "limetokana na" neno fulani, jiulize: wenyeji wa juu na wa chini hulitamkaje? Mzizi wa neno hilo ni upi? Maji yalipita wapi wakati huo? Anayeuliza hivyo hatapotea njia, kwani mto haufahamiki kwa kutazama mdomo wake tu.