Vifurushi vya Linux na Nasaba ya Flatpak

Katika miaka ya mwanzo ya Linux, baada ya Linus Torvalds kukitoa kiini chake hadharani mwaka 1991, mtu aliyetaka programu aghalabu hakuipata ikiwa tayari, bali alipewa maandishi yake ya asili yaliyofungwa pamoja katika faili moja, na kazi ya kuyafungua, kuyageuza yaeleweke na mashine, na kukiweka kila kitu mahali pake ikawa juu yake mwenyewe; na siku alipotaka kuiondoa programu hiyo, hakujua faili zake zimetawanyika wapi.

Taabu hiyo ndiyo iliyozaa vifurushi. Ian Murdock alianzisha Debian mwezi wa Agosti 1993, na humo ikazaliwa dpkg, yenye kuingiza na kutoa programu huku ikitunza daftari la kila faili. Nao watu wa kampuni ya Red Hat, kwa kazi ya Marc Ewing na Erik Troan, wakatoa RPM mwaka 1995. Kwa kuwa diski za zama zile zilikuwa ndogo na za thamani, ilionekana ni israfu kila programu kuja na maktaba zake, hivyo maktaba moja ikawekwa kwa ajili ya wote, na kila kifurushi kikatangaza vile kinavyovitegemea. Hapo kifurushi cha kwanza kilidai cha pili, na cha pili kikadai cha tatu, mpaka APT ilipokuja na Debian 2.1, Machi 1999, ikawa inavifuata vyote na kuvileta kwa amri moja.

Lakini vyombo peke yake visingalifaa kitu lau si walezi wa vifurushi, watu wa kujitolea ambao kila mmoja alichukua dhamana ya programu kadhaa, akazirekebisha zipatane na nyingine, akatia saini yake. Hata kwetu, ambako intaneti ilikuwa ya kusuasua, matunda ya kazi yao yalifika kwa posta, maana Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikipeleka CD za Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, bila malipo kwa waliozitaka, mpaka ilipoacha mwaka 2011.

Kasoro ya utaratibu huo ilikuwamo ndani ya fadhila yake. Wapangaji wanaochota kisima kimoja hawana budi kunywa maji mamoja. Kadhalika programu mpya ilipohitaji toleo jipya la maktaba, na ya zamani ikang'ang'ania la zamani, mojawapo ilikosa. Mtungaji wa programu naye alisubiri miezi, pengine miaka, kabla kazi yake haijawafikia watu, ilhali ililazimu ifungwe upya kwa kila jamii ya Linux.

Dawa ilitokana na elimu kongwe kuliko Linux yenyewe. Tangu mwaka 1979, Unix ilikuwa na chroot, yenye kuionyesha programu sehemu tu ya diski kana kwamba ndiyo diski nzima. Kiini cha Linux kikaongeza mbinu za kutenga zaidi kuanzia mwaka 2002. Na Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ikayaeneza makontena, yaani programu zilizotengwa kwa mbinu hizo, katika seva za dunia. Mezani, hata hivyo, kadhia ni nyingine, kwani programu ya mezani yataka kioo, sauti, na barua za mwenyewe. Alexander Larsson, Mswidi wa Red Hat, alikuwa amekwisha kulijaribu jambo hili kwa Glick mwaka 2007. Jaribio lake la baadaye, xdg-app, likapewa jina la Flatpak mwaka 2016, na toleo la 1.0 likatoka Agosti 2018. Humo programu hukaa katika kontena lake juu ya msingi wa maktaba unaoshirikiwa na programu za aina yake, na misingi kadhaa yaweza kukaa katika kompyuta moja bila kugombana. Ikitaka faili iliyo nje, hupita mlangoni, ambapo mwenye kompyuta huichagua faili hiyo kwa mkono wake.

Gharama ipo. Programu ndogo yaweza kuburuta msingi wa mamia ya megabaiti, na anayenunua bando huihisi israfu ile ile waliyoikimbia wazee. Zito zaidi ni dhamana: katika ghala la Flathub, programu huletwa ama na mtungaji ama na mtu mwingine, na zipo zinazoomba ruhusa ya kusoma makabrasha yote ya mtumiaji, kontena likabaki jina tu. Mimi nakubali kwamba mtungaji amepata uhuru aliostahili, ila sikubali kwamba mlezi amekuwa hana kazi.

Canonical, kwa upande wao, walishika Snap, mfumo wao wenyewe wa vifurushi, na Februari 2023 wakatangaza kwamba hata matawi ya Ubuntu hayatakuja tena na Flatpak ndani yake. Kwa hiyo mtu wa Ubuntu anayeitaka huandika sudo apt install flatpak, kisha huongeza anwani ya Flathub, akaizima kompyuta na kuiwasha. Na kifurushi anacholetewa na APT kimefungwa kwa dpkg, na mlezi wake katika Debian ametia saini.