Oliech Alikuwa Mvivu? Wacha Tuhesabu Kwanza

Jumapili iliyopita mvua ilinishika Kondele, nikajificha kwa steji ya boda. Nilikuta mabishano yameshachemka. Jamaa mmoja alikuwa anaapa kwamba Dennis Oliech alizaliwa na kila kitu, ila bidii tu. "Kipaji cha bure, omera. Alikitupa." Mwenzake akamjibu kwamba Michael Olunga hana hata nusu ya kipaji hicho, lakini jasho limemfikisha mbali. Mzee anayeziba pancha pembeni akainua kichwa, akawaambia wote wawili ni watoto, kwa sababu hawakumwona Peter Dawo.

Kama unaishi Kisumu umeshasikia kesi hii mara mia. Wamarekani wana yao ya basketi, Kobe mtu wa mazoezi na Iverson mtu wa kipaji. Sisi tuna hii. Na kabla mtu aniambie Oliech na Olunga ni watoto wa Nairobi: ndiyo, wamezaliwa huko. Lakini wote wawili wamevaa kijani cha Gor Mahia, na huku ziwani hicho ndicho kitambulisho.

Sasa wacha nishike hiyo kauli ya "kipaji bila bidii" niipeleke kwa rekodi.

Tarehe 5 Julai 2003, Kasarani, Kenya inahitaji kumfunga Cape Verde ili iende AFCON. Inashinda 1-0. Mfungaji ni Oliech, miaka 18, mchezaji wa Mathare United. Miezi saba baadaye, tarehe 2 Februari 2004, Kenya inaipiga Burkina Faso 3-0 kule Tunisia. Ni ushindi wa kwanza wa Harambee Stars katika historia ya AFCON. Oliech anafunga bao moja, na siku hiyo ndiyo anatimiza miaka 19. Hapo sawa, tuite kipaji. Kijana wa umri huo hajapata muda wa kufanya bidii nyingi.

Lakini endelea kuhesabu. Anapitia Qatar, anaingia Nantes mwaka 2005, anaenda Auxerre 2007, kisha Ajaccio 2013. Ukijumlisha misimu aliyocheza ligi kuu ya Ufaransa, ni nane. Nane, wasee! Msimu wa 2010-11 Auxerre ilikuwa Ligi ya Mabingwa Ulaya, kundi moja na Real Madrid, Milan na Ajax. Hebu niambie ni kocha gani wa Ufaransa anamlipa mtu mvivu misimu minane kwa sababu tu ana kipaji. Wale watu huamka asubuhi, wanapimwa uzito, wanakimbizwa kwenye baridi, na nyuma yako kuna kijana wa Senegal au Mali anayetaka nafasi yako. Kipaji kinakufungulia mlango. Kukaa ndani miaka minane ni kazi.

Geuza upande wa pili. Wanasema Olunga ni bidii tupu, miguu mirefu na mbio. Sawa. Januari 2018 aliingia kama mchezaji wa akiba wa Girona dhidi ya Las Palmas, akafunga matatu kwenye La Liga. Novemba 2019 aliifunga Kyoto Sanga mabao nane katika mechi moja, Kashiwa Reysol wakashinda 13-1. Mwaka uliofuata alifunga 28 kwenye ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Kuna watu milioni ngapi duniani wanaofanya bidii kila siku na hawawezi kufunga nane hata kwa PlayStation? Yule jamaa ana kipaji cha kutisha. Tunakataa kukiona kwa sababu hakichezi densi.

Kwa hivyo rekodi haikubaliani na steji. Nikajiuliza hii stori ilitoka wapi, halafu nikawauliza wale wa boda swali moja tu: "Oliech angekuwa na hoteli tatu pale Milimani leo, mngemwita mvivu?"

Kimya kidogo. Kisha yule wa kwanza akacheka. "Ah, hapo tungesema alijipanga."

Mnaona? Swali halikuwa la mpira. Tunaangalia mtu alipofikia kimaisha, au tunapodhani amefikia, halafu tunarudi nyuma kuandika upya mazoezi yake. Akionekana ana mali, basi alikuwa na bidii. Akiandamwa na uvumi, basi kilikuwa kipaji kilichopotea. Huo uvumi wenyewe siurudii hapa. Mfuko wake si wangu, na haubadilishi hata bao moja kati ya yale 34 aliyofungia Kenya.

Ushahidi wangu ni Dawo mwenyewe. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha 1-1 Kasarani mwezi wa Desemba, ikachukua Kombe la Washindi Afrika kwa mabao ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya wanaume ya Kenya iliyoshinda kombe la bara kwenye soka. Dawo alimaliza mashindano na mabao 10, mfungaji bora. Je, umewahi kusikia mtu yeyote Kisumu akibishana kama Dawo alikuwa na bidii au la? Mimi sijawahi. Enzi zile ligi yetu ilikuwa ya ridhaa, hakuna mtu aliyetarajia straika awe tajiri. Kwa hivyo Dawo anahukumiwa kwa mabao yake tu. Oliech alienda Ulaya, na tangu siku hiyo tukaanza kumhukumu kama benki.

Na kuna deni lingine ambalo tunamwekea yeye peke yake. Baada ya Tunisia 2004, Kenya ilirudi AFCON lini? 2019. Miaka kumi na tano. Katikati hapo shirikisho letu lilikuwa vita juu ya vita, mpaka mwaka 2006 FIFA ikatufungia. Oliech alikuwa na miaka 19 tulipotoka na 34 tuliporudi. Miaka yake yote mizuri ilipita nchi ikigombania ofisi. Halafu tunamuuliza yeye urithi wake uko wapi!

Najua kwa nini jambo hili linaniuma. Niliacha chuo mwaka wa pili. Mtaani nikawa "kijana mwenye akili sana, shida ni bidii". Shangazi yangu hakosi kunikumbusha kwamba Olunga alimaliza digrii yake ya uhandisi pale Technical University of Kenya huku akicheza mpira wa kulipwa. Ni kweli, na namheshimu sana kwa hilo, shangazi, nimesikia. Lakini mwaka jana nilipata kazi ya kwanza ya kulipwa ya video, na majirani walewale wakaanza kusema "huyu kijana anajituma". Nilikuwa naamka saa ileile, nahariri kwa simu ileile yenye kioo kilichopasuka. Kilichobadilika ni kwamba nilionekana nimenunua viatu.

Sisemi bidii haina maana, wala sisemi Oliech hakufanya makosa. Kila mtu ana yake. Ninachosema ni kwamba ukitaka kujua bidii ya mtu, usiangalie gari lake. Angalia alikaa kazini miaka mingapi na alifanya nini akiwa huko. Kwa kipimo hicho, Oliech ni gwiji na Olunga ni gwiji, na kesi iishe.

Ya Dawo ndiyo imebaki wazi, kwa sababu mimi sina cha kutazama. Olunga nina mabao yake yote nane kwa simu. Dawo nina namba na mdomo wa mzee wa pancha. Mvua ilipokatika nilibaki, nikamwambia, "Jaduong', hebu nionyeshe alikuwa anakimbia vipi." Akaweka tairi chini, akasimama katikati ya matope na kunionyesha, bega moja chini, mkono umetengana na mwili. Alikuwa Kasarani siku ile. Nilikuwa na simu mfukoni na sikurekodi, nilisahau kabisa, na hii ndiyo kazi yangu.

Jumapili hii narudi na maiki. Wewe kama una babu, baba au mjomba aliyekuwepo 1987, mkalishe chini umrekodi kabla hujarudi kubishana. Nitumie, nitaziunganisha zote.