Kuikala: asili ya neno letu

Hapa Kamina mgeni akishuka pa gare, ataulizwa tu: «Unaikalaka wapi?» Hakuna anayemwambia «unakaa wapi». Lakini mtoto akiandika «ninaikala» katika daftari, kalamu nyekundu inapita juu yake. Mmoja wetu alisimamishwa mbele ya darasa zima kwa neno hilo, akarudi nyumbani kumwuliza kambo yake kama kweli alimfundisha vibaya. Kambo alicheka tu.

Basi tulichunguze. Kiluba kina kwikala, maana yake kuishi mahali, kubaki, hata kuwa. Kibemba kina ukwikala, na mtu aliyeketi husemwa aikele. Kule Kenya Wakamba wanasema kwikala, Wagikuyu wanasema gũikara. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanazirudisha zote kwenye shina moja la kale, -jikad-. Pwani ndiko herufi ziliko-anguka. Wagiriama wamebaki na kukala. Waswahili wakaangusha hata l, ikawa kukaa. Ila l hiyo iliacha alama: mwenye kukaa ni mkazi, mahali pake ni makazi. Hiyo z imetoka kwa l, sawasawa na mlezi anayetoka kwa kulea, ambayo zamani ilikuwa kulela.

Je, Kiswahili chetu ni cha zamani kuliko kile cha Unguja? Hapo tusijidanganye. Misafara iliyofika Bunkeya kwa Msiri, katika karne ya 19, ilileta lugha ambayo l yake ilikuwa imekwisha kupotea. Kiisha ikaja kazi: Union Minière mwaka 1906, mji wa Elisabethville mwaka 1910, reli ya B.C.K. iliyopita hapa kwetu na kufika Port-Francqui (ndiyo Ilebo) mwaka 1928. Baluba, Babemba na watu wa Kasai walikutana kambini. Walisikia «kaa», wakaona ni ndugu ya neno la kwao, wakamrudishia viungo vyake. Kwa hiyo shina ni la zamani sana, lakini katika Kiswahili chetu halikubaki tangu mwanzo. Lilirudishwa na wafanyakazi. Ni vile vile na njala, ambayo pwani ni njaa na Kiluba ni nzala.

Walileta na maana pia. Tunasema «inaweza kuikala kweli», pale ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema «inaweza kuwa kweli». Kukaa ya kitabuni haifiki hapo, na mwalimu anayeweka kukaa kila mahali anaharibu sentensi ya mtoto. Kwenye mtihani, sawa, mtoto aandike kukaa. Lakini asiambiwe kwamba kambo yake hajui kusema.

Inabaki shida ya kuandika. Waliozoea kusoma Kiluba wanapenda kwikala. Sisi tumeandika kuikala, juu ya kuwa ndivyo tunavyolisikia sokoni.